Vipimo vya Keki ya Makombo

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ni uchovu tu wa kawaida. Kiwandani wamenihamishia mstari wa kushona kola za mashati. Nasimamia wasichana ishirini na mashine zao, na nikirudi nyumbani masikio bado yananguruma. Shemeji yako anakusalimu, kifua chake kimetulia. Kaka alipopita na lori mwezi uliopita alituambia umenunua oveni ya gesi yenye milango miwili. Hongera sana, Mungu akuzidishie.

Simu nimeona niiache. Mara ya mwisho tulipandishiana sauti mpaka salio likakata, na mimi sikulala vizuri. Bora karatasi.

Jambo lenyewe ni la heri. Binti amepata mchumba. Ni fundi umeme, kijana mpole, haongei sana. Wazazi wake tumeshakaa nao mara mbili na tumeelewana. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Juni, hapa kwetu.

Dada, unajua desturi aliyotuachia marehemu mama. Keki ya binti huokwa na mama yake kwa mikono yake, na aliyeoka ndiye anayelishwa kipande cha kwanza mbele ya watu wote. Nimeamua nitaoka mwenyewe. Najua utacheka. Naomba uniandikie vipimo vya ile keki yako ya siagi na limau, ile anayoipenda. Nina miezi ya kujifunza, na kichwa changu bado hakijawa kigumu.

Wasalimu majirani wote wanaonikumbuka.

Mdogo wako


14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Paa la jikoni lilikuwa linavuja pale juu ya meza ya kukandia, nimeliziba mwenyewe, fundi alikuwa anataka kulibadilisha lote. Oveni ina mlango mmoja. Kaka yetu akiona kitu kimoja husimulia viwili, tangu utotoni.

Nimefurahi kusikia kwamba Makombo anaolewa. Ningefurahi zaidi kama ningesikia kabla hao wazazi wa kijana hawajakalishwa mara ya pili.

Kucheka sijacheka. Nimesoma barua yako nikakaa chini. Keki ya kwanza ya mtoto huyo niliioka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, alipotimiza miaka minne. Upande mmoja uliungua. Nikaukata, akaja kuokota yaliyodondoka mezani mpaka meza ikang'aa, na jina la Makombo likatokea siku hiyo. Tangu hapo mpaka ulipokuja kumchukua akiwa na miaka kumi na sita, nimemwokea keki za kuzaliwa kumi na tatu. Wewe ulikula moja, ile ya mwisho, na uliila umesimama, mkoba begani, teksi inakungoja nje.

Sasa nikuambie la maana. Acha nioke mimi. Nitaoka matabaka matatu, niyafunge moja moja, nipande nayo basi la asubuhi. Krimu nitaipiga hapo hapo kwako na kupamba mbele ya macho yako. Nimeshasafirisha keki mbali kuliko hapo, zikafika bila kupasuka hata ukingo. Sitaki nauli yako. Nataka meza isiyotikisika na nafasi kwenye jokofu.

Nijibu mapema, wateja wa Juni huanza kuniwahi mwezi wa tatu.

Dada yako


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Shemeji yako ameanza kupaka rangi sebule kwa ajili ya wageni, nyumba nzima inanuka, tunalala madirisha wazi.

Nakushukuru kwa moyo wako, lakini hapana. Umefanya kazi miaka yote hiyo, huu ni wakati wa wewe kukaa na kuhudumiwa. Njoo kama mgeni. Nimekuwekea kiti meza ya tatu, pamoja na wenzangu wa kiwandani, ni watu wachangamfu, hutaboeka.

Na nikuombe kitu kimoja, usiudhike. Ukifika usimwite Makombo mbele ya wakwe. Ana jina lake zuri nililompa mimi. Wakwe wakisikia hilo la Makombo wataanza kuuliza kwa nini, na swali moja linazaa lingine, mwisho wataanza kuuliza mama yake hasa ni yupi. Sitaki harusi ya mwanangu iwe na maswali.

Unaniandikia habari za teksi kana kwamba nilikuwa natoka matembezini. Mimi sikuondoka kwenda kutembea, Dada. Nilikwenda kutafuta, na nilichopata nilituma.

Vipimo naomba uniandikie. Ni hivyo tu.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Meza ya tatu nimeielewa.

Andika pembeni, usikariri. Hivi ni vya tabaka moja kubwa la inchi kumi. Ukitaka la juu yake, gawa nusu.

Unga vikombe vinne vya kufuta mdomo, si vya kujaza mlima. Sukari vikombe viwili. Siagi pakiti moja na nusu, zile za robo kilo. Mayai manane. Maziwa nusu kikombe. Beking poda vijiko vinne vya chai. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ganda la malimau mawili, kwaruza sehemu ya njano tu, ukifika kwenye nyeupe umeharibu.

Siagi na sukari zipige mpaka ziwe nyeupe. Mkono ukianza kuuma ujue uko nusu ya njia. Mayai ingiza moja moja. Unga uchekeche mara mbili, uingize kwa mafungu matatu, na hapo acha nguvu zako, geuza kwa mwiko taratibu kama unayemfunika mtoto aliyelala. Moto wa kati, saa nzima. Usifungue mlango kuchungulia. Najua utafungua.

Mapambo usijaze. Marehemu mama aliweka ua moja tu la krimu, pale kisu kitakapoanzia, ili bibi harusi asihangaike kutafuta pa kukata na kipande cha kwanza kijulikane na kila mtu. Fanya hivyo hivyo, ua moja.

Za kugawa kwa wakwe weka kwenye maboksi, na utepe mwachie Makombo. Alikuwa akinifungia maboksi yangu yote tangu darasa la tatu, ana fundo lake nililomfundisha, mteja halifungui bila kisu. Wewe ulijaribu mara moja likakuachia.

Hapo sijakuficha hata punje.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Tulikuwa na oda kubwa ya mashati, tumefanya kazi mpaka Jumapili. Kaka alipita, miguu inamvimba, anasema ni kiti cha lori. Sebule imepakwa, imetoka nzuri, ila sasa mapazia yanaonekana kuukuu.

Nimeoka keki nne. Ya kwanza nikasema ni oveni. Ya pili nikasema ni mimi. Ya tatu nilisimama na barua yako mkononi, nikafuata neno kwa neno, hata mlango sikufungua. Ya nne shemeji yako aliichovya kwenye chai ndipo ikapita kooni. Zote ni moja: juu imepasuka kama kisigino, ndani kavu, kisu kikiingia inaporomoka. Mtaani wameanza kuniuliza kama ninajenga.

Binti alionja ile ya nne. Akatafuna, akasema, "Asante mama," kwa ile sauti ya mwanafunzi anayemjibu mwalimu. Kisha akaenda kuosha sahani.

Dada, kuna kitu umekiacha. Sisemi kwa ubaya, ila hakuna namna nyingine. Nyinyi mnaouza keki mna tabia hiyo, mnatoa vipimo na kubana kimoja, ili mtu arudi kuwapigia magoti. Kwa mteja sawa. Kwa mdogo wako, na kwa harusi ya mtoto, si sawa. Kama unataka nishindwe mbele ya watu, sema wazi.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Kama ningetaka ushindwe ningekuandikia mayai sita na kukutakia heri. Usingejua mpaka leo, na mimi ningekuja meza ya tatu nikala wali wangu kwa raha.

Kazi hii hakunifundisha mtu. Mama alijua keki moja tu, ya siku kubwa, na aliipima kwa macho. Nyingine zote nimezipata kwa kuharibu. Najua keki ikiniudhi inaniambia nini. Iliyozama katikati imetolewa mapema au imepungukiwa unga. Iliyopasuka juu na kukauka ndani ina unga mwingi kuliko mayai yanavyoweza kuubeba. Yako imekula unga. Kwa hiyo jibu maswali yangu na hayo mengine ya kupiga magoti yaweke pembeni, tutayarudia baada ya harusi kama bado utakuwa na hamu nayo.

Mayai ni makubwa au yale ya kuku wadogo? Siagi uliitoa kwenye jokofu mapema ikalainika, au uliipiga ikiwa jiwe? Unga uliufuta mdomo kwa kisu, au uliushindilia? Na ulipimia kikombe gani?

Kaka mwambie aweke miguu juu ya ndoo akilala. Hatasikia, lakini mwambie.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Mayai makubwa. Siagi laini. Unga niliufuta kwa kisu. Kikombe ni cha kupimia, cha plastiki, kina mistari, kimeandikwa mililita mia mbili na hamsini. Kikombe ni kikombe.

Harusi ni mwezi huu. Kadi zimeshatoka. Kama huna la kunisaidia nitanunua keki dukani, nitaitoa kwenye boksi lao, na nitasema nimeoka mimi. Hakuna atakayejua.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Makombo atajua. Ataweka mdomoni na atajua.

Na kikombe si kikombe. Niliposoma mstari wako nilikwenda kukijaza changu maji, nikayamimina kwenye jagi lenye alama. Kinaingia mia mbili. Sasa hesabu na mimi. Vikombe vyako vinne ni elfu moja. Vyangu vinne ni mia nane. Umeongeza unga wa kikombe changu kizima, na mayai ni yale yale manane, na siagi ni ile ile. Keki ya namna hiyo hata mimi ningejengea ukuta. Nilikuandikia kikombe bila kukuambia kipi, kwa sababu nimepimia kimoja miaka mingi hivi kwamba kwangu hakuna kingine.

Chenyewe unakijua. Cha bati, cheupe, ukingo wa buluu. Ulikinunua stendi siku ile ulipoondoka. Ukamjazia chai ya maziwa, ukamwekea mikononi, ukamwambia, "Kunywa polepole, ukimaliza mama ameshafika." Alikuwa na miaka mitatu na nusu, lakini akili alikuwa nayo. Hakuinywa polepole. Hakuinywa kabisa. Alikishika hivyo mpaka nyumbani, chai ikapoa, ikaota utando juu, na jioni nilipomnyang'anya nikaimwaga alinipigia kelele ambazo sijazisikia tena kwake, kwamba nimeimaliza mimi na wewe hujaja.

Hakukinywea tena. Mimi sikuwa na kitu cha kupimia, ndiyo kwanza naanza na sufuria na mkaa, nikakitia kwenye unga ili kisikae kabatini kinanitazama.

Gramu ningeweza kukuandikia kwa mstari mmoja. Mizani ninayo, tena nzuri. Sikuandikii. Nakutumia kikombe chenyewe kwa mkono wa kaka, anapita huko wiki hii. Kishike, uchote nacho mara nne, ufute mdomo kwa kisu. Keki itatoka. Halafu unirudishie, kwa sababu ndicho ninachofanyia kazi.

Kiti cha meza ya tatu mpe mtu mwingine. Siji.

Dada yako


6 Julai

Dada,

Shikamoo. Nashukuru Mungu harusi imepita salama. Mvua ilitutisha asubuhi ikaacha. Wakwe ni watu wa kuheshimika, walikuja kwa wakati, na mama wa kijana alilia kuliko mimi. Kaka alicheza na miguu yake ile ile anayoilalamikia.

Kikombe alikileta. Nilipimia nacho. Keki ilitoka kama ulivyosema, imepanda sawa, haikupasuka. Niliweka ua moja. Watu walisifu sana, mwenzangu mmoja wa kola aliuliza tumeagiza wapi. Mshereheshaji alieleza desturi yetu, akaita aliyeoka asimame, nikasimama. Nikalishwa kipande cha kwanza, watu wakapiga makofi. Shemeji yako alikuwa anapiga picha, lakini hapo simu yake ilikuwa imejaa, picha hiyo haipo.

Niliwaambia watu unaumwa mgongo. Binti aliniuliza mara moja tu, jikoni, na tulikuwa na wageni.

Kuhusu ile chai, mimi siikumbuki. Nakumbuka kondakta ananivuta mkono na basi limeshaanza kuondoka. Wewe ulibaki na muda wa kukumbuka mambo mengine.

Kikombe kaka atakurudishia. Mimi niko zamu ya asubuhi wiki nzima, nimemwachia binti akifunge.

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Paa limeanza kuvuja upande wa pili, safari hii nitamwita fundi. Mgongo wangu ni mzima pia, nakuambia ili siku nyingine uchague ugonjwa ambao kaka hawezi kuja kuukosa kwa macho yake. Alinikuta nimebeba mfuko wa unga.

Mzigo ameukabidhi mkononi. Ulikuwa umefungwa kwa utepe wa harusi, kwa fundo langu. Nilitumia kisu.

Ndani ya kikombe kulikuwa na kitambaa cha karatasi, na ndani ya kitambaa kipande cha keki, kimekatwa, upande mmoja tu ndio umekaa vizuri, kama anavyokata mtu mwenye gauni zito. Juu yake kuna ua. Uliniandikia kwamba uliweka ua moja. Uliniandikia pia ulilishwa nini. Sikuulizi. Na usiniandikie kunieleza, wino ni wako, utunze.

Keki yenyewe si mbaya. Limau umekwaruza mpaka kwenye nyeupe, kuna uchungu kidogo unabaki nyuma ya ulimi. Imekaa motoni dakika chache zaidi. Safari imeikausha pembeni. Nimekila chote, jikoni, nimesimama, kama wewe ulivyokula chako.

Kikombe kimebonyea. Ubavuni, karibu na mkono wake, na rangi imebanduka mpaka bati linaonekana. Kaka anasema kilikaa mapajani pake njia nzima, na alipokipokea kilikuwa hivyo hivyo. Makombo hatupi vitu, hata akiwa mdogo hakutupa. Basi.

Nimekijaza maji na kuyamimina kwenye jagi. Nimerudia, maana nilidhani ni macho yangu yamekosea. Sasa kinaingia mia moja na themanini na tano. Kwa vikombe vinne umenipunguzia sitini, na sitini kwenye keki si kidogo. Vipimo vyote nilivyokuandikia havifai tena, hata kwangu mimi. Wewe una kikombe chako cha plastiki chenye mistari, hakitakudanganya, na bado una mikono.

Jumamosi nina keki ya watu, ghorofa mbili. Nimeoka moja ya majaribio leo kwa kikombe kilivyo. Imezama katikati. Kesho nitaanza tena na unga, kijiko kwa kijiko.

Dada yako